Ufahamu Hutahiniwa, Haufunzwi

Yapata miaka sita iliyopita, katika shule moja ya msingi iliyo ng'ambo ya Mto Sabaki, mvulana wa darasa la saba alisimama mbele ya wenzake akasoma ukurasa mzima wa Kiswahili pasipo kukwama hata mara moja. Sauti yake ilikuwa wazi, vituo alivizingatia, na wenzake walimsikiliza kwa kijicho kidogo. Kifungu kilihusu mikoko: jinsi inavyokatwa kwa ajili ya boriti na kuni, na jinsi samaki wanavyoadimika pale mazalio yao yanapoharibiwa. Alipomaliza, mwalimu wake alimshukuru, kisha akamwuliza swali dogo: "Haya, mwandishi anatuambia nini?" Mvulana akakiinamia kitabu, akaanza kusoma upya mstari wa kwanza. "La, mwanangu, usinisomee. Niambie." Kimya. Darasa zima liliinamisha vichwa. Mwishowe mmoja akajitosa: "Mikoko, Mwalimu." Mikoko imefanya nini? Hapakutokea jibu.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye dawati la nyuma kama mgeni, na nakiri kwamba nilishtuka. Watoto wale hawakuwa wageni wa mikoko. Wamo miongoni mwao ambao baba zao huishi kwa kuvua kamba na kaa katika vijito vya Ngomeni, na yamkini waliyajua mambo hayo kuliko mtunzi wa kitabu aliyeketi Nairobi. Lugha nayo haikuwa ngeni; ndiyo ile waisikiayo sokoni Mambrui na ndani ya matatu. Walichokikosa ni njia ya kuyatoa maneno katika karatasi na kuyapanga vichwani mwao hadi yakawa na maana moja.

Wako watakaosema kwamba hii ni hadithi ile ile ya watoto wasiojua kusoma. Tatizo hilo lipo, wala halifichiki. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2009, na ambazo huwafuata watoto majumbani badala ya kuwangojea shuleni, zilituonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi iliyotungiwa darasa la pili. Serikali na wafadhili walijibu kwa mpango wa Tusome, ulioenezwa katika madarasa ya chini kuanzia mwaka 2015, na kwa mara ya kwanza mtoto wa shule ya umma akashika kitabu chake mwenyewe pasipo kukigawana na jirani zake. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, Tusome ilishughulika zaidi na hatua ya kwanza ya safari, yaani kuzitambua herufi, kuziunga na kuzitamka kwa wepesi. Mvulana wa mikoko alikwisha kuivuka hatua hiyo. Yeye aliachwa njiani baada ya hapo, na walio kama yeye ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri, kwa kuwa mtoto asomaye kwa ufasaha hamtii mwalimu wasiwasi.

Chanzo cha balaa hili, kwa maoni yangu, ni kwamba shuleni mwetu ufahamu hutahiniwa, haufunzwi. Hebu tukitazame kipindi chenyewe kinavyoendeshwa, kuanzia Mtwapa hadi Marafa. Mwalimu huandika ubaoni ukurasa wa kifungu. Wanafunzi husoma kwa zamu, aya moja moja, huku kila mmoja akiihesabu aya yake na kutosikiliza za wenziwe. Msamiati mpya huelezwa. Kisha huja amri: jibuni maswali ya kwanza hadi la kumi. Madaftari hukusanywa, vema na makosa hutiwa, kengele hulia. Katika dakika hizo thelathini na tano mtoto amepimwa kama anaelewa. Namna ya kuelewa hakufunzwa na mtu.

Mazoea haya yana mzazi wake. Kwa miaka mingi mtihani wa KCPE ulikuwa na karatasi ya lugha ya Kiswahili yenye maswali hamsini, na sehemu kubwa ya maswali ya mwisho ilitokana na vifungu vya ufahamu, kila swali likiwa na majibu manne ya kuchagua. Walimu hodari (nami nilikuwa mmoja wao, Mungu anisamehe) tuliwafunza watahiniwa kuyasoma maswali kwanza, kisha kukirudia kifungu na kuvizia mahali ambapo neno la swali limetajwa. Ilikuwa mbinu ya mwindaji anayefuata unyayo bila ya kuujua msitu. Alama zilipatikana, na shule zikabebwa mabegani siku ya matokeo. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la kwanza la mtaala wa umilisi likafika Gredi ya 9 mwaka 2025. Mtihani umezikwa, lakini mbinu ile bado i hai darasani.

Katika shule za upili hasara huonekana waziwazi. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE ina alama 80. Kati ya hizo, ufahamu huchukua 15 na ufupisho 15 nyingine. Huko hakuna majibu manne ya kuchagua. Mtahiniwa hutakiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe, na katika ufupisho huwekewa idadi ya maneno asiyopaswa kuipita. Aliyelelewa katika kuvizia hufanya alichozoea: hunyofoa sentensi nzima kutoka kifungu na kuibandika kwenye jibu. Mwalimu anayesahihisha huona mara moja kwamba hapa hapakuwa na ufahamu, palikuwa na mkasi.

Sisi wa mwambao tuna ugonjwa wetu wa ziada. Tunajisifu kuwa Kiswahili ni chetu, na kwa sababu hiyo hatudhani kama kinahitaji kufunzwa. Mtoto wa Malindi mjini huzungumza Kiswahili tangu utotoni. Yule wa Ganze au Magarini huamka na Kigiriama, wa Chonyi na Kichonyi, kisha Kiswahili humjia barabarani na shuleni. Wote wawili hukutana na Kiswahili cha kitabuni, chenye vishazi virefu na viunganishi kama "licha ya" na "ilhali", ambacho hakuna anayekisema nyumbani. Aliyezaliwa na lugha huteleza juu ya sentensi hizo akidhani ameelewa kwa kuwa kila neno analijua. Nimewahi kuona mtoto wa Bamba akimpita wa Shela ya Malindi katika ufahamu kwa sababu hiyo moja tu: yeye alikuwa na shaka, akasoma mara mbili.

Sasa nije kwenye dawa ambayo baadhi ya walimu wetu wameanza kuijaribu, nayo ni ramani ya mawazo. Kwa asiyeijua, ni mchoro mwepesi. Katikati ya karatasi huandikwa jambo kuu la kifungu kwa neno moja au matatu. Kutoka hapo huchorwa matawi machache, kila tawi na hoja yake. Kutoka kila tawi hutoka vitawi vya mifano na maelezo. Sentensi ndefu haziruhusiwi. Jina hilo lilienezwa duniani na Mwingereza Tony Buzan, aliyekuwa na kipindi katika televisheni ya BBC mwaka 1974 na ambaye alifariki mwaka 2019. Buzan alikuwa pia mfanyabiashara mwepesi wa maneno, na madai yake juu ya rangi na pande mbili za ubongo hayafai kumsumbua mwalimu ambaye chaki nyeupe yenyewe ameiomba mara mbili. Karibu na wakati huo huo, huko Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Joseph Novak na wenzake walikuwa wakibuni ramani ya dhana, ambayo juu ya kila mstari huandikwa neno la kuonyesha uhusiano: husababisha, ni aina ya, huzuia. Mimi naona Novak anatufaa zaidi, kwani mstari mtupu hauwezi kumwambia mtoto kwa nini mambo mawili yameungwa. Darasani, hata hivyo, si lazima tuwatenganishe.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni mageni yaliyoshuka kwa ndege. Neno letu shajara limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mti, na familia za masharifu wa pwani zimehifadhi nasaba zao kwa mchoro wa namna hiyo, baba kwenye shina na watoto kwenye matawi. Huko bara ya Kilifi, mzee wa Kigiriama anayezijua mbari zake huzitaja tawi kwa tawi pasipo karatasi. Kinachokosekana ni kumwambia mtoto kwamba hata kifungu cha kitabu kina ukoo wake: iko hoja iliyozaa, na ziko zilizozaliwa.

Mwalimu mmoja wa Gede alinionyesha alivyoanza. Hakuanza na kitabu. Alichora duara ubaoni, akaandika ndani yake neno moja: mnazi. Kisha akawauliza watoto wamtajie kila wanachokijua. Mvua ikanyesha! Madafu, tui, makuti, kamba za usumba, mafuta, kifumbu, fagio la njukuti, kumbi za kuwashia moto, na mmoja wa nyuma akataja tembo, darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliyaandika yote shelabela, bila mpango. Ubao ulipojaa akauliza, "Haya, nani ndugu ya nani?" Hapo ndipo kazi ilipoanza. Makuti yakaenda pamoja na boriti kwenye tawi la ujenzi. Tui, madafu na mafuta kwenye tawi la chakula. Kamba ikazua mzozo: ni ya ujenzi au ya uvuvi? Kumbi je, ni taka au ni kuni? Watoto wa miaka kumi walibishana robo saa juu ya jambo ambalo kwa hakika ni mantiki, wala hakuna aliyejua kwamba anasoma mantiki. Siku ya pili akawapa kifungu kifupi juu ya zao la korosho, nao wakakichambua kwa njia ile ile.

Somo lililonifungua macho zaidi nililishuhudia katika shule ya upili ya kutwa viungani mwa Malindi. Kifungu kilitungwa na mwalimu mwenyewe, nusu ukurasa, juu ya upinzani wa Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914. Kilitaja kodi ya kibanda. Vijana walivyotakiwa waende vibaruani. Amri ya kuwahamisha watu kutoka ardhi yenye rutuba ya kaskazini ya Sabaki. Mekatilili wa Menza alivyopita vijijini na ngoma ya kifudu akiwakusanya watu. Viapo vilivyoliwa Kaya Fungo. Kukamatwa kwake pamoja na Wanje wa Mwadorikola na kupelekwa Kisii. Kutoroka kwao na kurejea pwani. Kulipuliwa kwa Kaya Fungo mnamo Agosti 1914. Na mapigano yaliyofuata. Kila mwanafunzi pale anaijua sanamu ya Mekatilili iliyo mjini Malindi. Hadithi waliijua tangu darasa la nne. Je, waliielewa?

Wanafunzi waligawanywa katika makundi ya watu sita sita. Baada ya dakika kumi, kundi la kwanza lilikuwa limeandika katikati ya karatasi jina MEKATILILI. La pili liliandika KODI. La tatu, ARDHI NA KAZI. Mwalimu hakumsahihisha mtu. Aliuliza swali moja ambalo tangu siku hiyo nimelichukua kuwa langu: "Mkiliondoa neno lenu la katikati, ni nini kitakachoanguka?" Kundi la Mekatilili likajitetea kwamba bila yeye pasingekuwa na mkusanyiko. Wenzao wakajibu kuwa kodi ingalikuwapo, na amri ya kuhama ingalikuwapo, na chuki ingalikuwapo vile vile. Mekatilili aliikuta ghadhabu tayari akaipa sauti. Msichana mmoja akauliza, basi mbona ghadhabu hiyo haikulipuka mapema zaidi? Walijadiliana hadi kundi la kwanza likakubali kulifuta jina katikati na kuandika badala yake: kwa nini Wagiriama waliinuka. Mekatilili akahamia kwenye tawi, lakini tawi nene. Sijawahi kuona kifungu cha nusu ukurasa kikisomwa na kurudiwa mara nyingi namna ile kwa hiari. Kila aliyetaka kushinda hoja alilazimika kukifungua na kutafuta ushahidi.

Kisha likaja jambo ambalo hata mwalimu hakulitarajia. Msichana yule yule alisimama akiwa na kipande cha makaa mkononi na kusema, "Mwalimu, Kaya Fungo haina mahali." Walikuwa na tawi la sababu na tawi la matokeo. Kulipuliwa kwa kaya kulikuwa matokeo ya viapo na ukaidi wa watu. Lakini ndiko pia kulikowatia watu katika vita. Aiweke wapi? Mwalimu alinyamaza kidogo, akamwambia aiweke katikati ya matawi mawili na kupiga mishale: mmoja uingiao, mmoja utokao. Mwanafunzi aliyeona kwamba tokeo la leo ni sababu ya kesho amekwisha kukivuka kiwango cha maswali yaliyo chini ya kifungu. Orodha ya nukta, ambayo ndiyo mbinu tunayoipenda, ingemficha jambo hilo.

Baada ya sifa hizo, sharti niseme yale yanayonitia hofu.

Hofu ya kwanza ni mwalimu kuichora ramani mwenyewe. Nimekwisha kuyaona haya: ramani nzuri, yenye rangi nne, imejaa ubao mzima, na wanafunzi arobaini wanainakili kimya kimya kama wanavyonakili maelezo mengine. Huo ni mzigo ule ule wa kunakili, umevishwa kanzu mpya. Ni hivyo hivyo kitabu kinapochapa ramani iliyokwisha kujazwa. Faida iko katika kubishana juu ya kiende wapi, na anayeletewa ramani iliyokamilika ameporwa ubishi huo.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nayo ina utafiti nyuma yake. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Nesbit na Adesope, walikusanya tafiti 55 zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 5,000, wakaona kwamba ramani za namna hii kwa jumla humsaidia msomaji kukumbuka kuliko kusoma tu au kuandika orodha. Walimu wengi huishia hapo. Lakini mwaka 2011 Karpicke na Blunt, wa Chuo Kikuu cha Purdue, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi katika jarida la Science. Kundi moja la wanafunzi lilichora ramani huku maandishi yakiwa mbele yao. Kundi la pili lilisoma, likayaweka maandishi kando, likaandika lolote lililolikumbuka, kisha likasoma tena na kukumbuka tena. Baada ya juma moja kundi la pili lilifanya vyema zaidi, hata katika maswali yaliyohitaji kutoa hitimisho ambalo halikuandikwa wazi. Naam, hata pale mtihani wenyewe ulipokuwa ni kuchora ramani!

Je, tuzitupe ramani baharini? Watafiti wale wale walirudia suala hilo mwaka 2014, safari hii wakiwataka wanafunzi wachore ramani pasipo kuyatazama maandishi. Tofauti ikatoweka: ramani ya kukumbuka ilifanya kazi sawa na aya za kukumbuka. Kumbe kilichozorotesha si mchoro, ni kitabu kilichokuwa wazi. Jicho likiwa na mahali pa kuchungulia, akili hupumzika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni mdogo na haugharimu senti. Kitabu kifungwe. Wanafunzi wasome kifungu mara moja kwa makini, wakifunge, kisha kila mmoja achore anachokikumbuka, hata kama ni matawi mawili yaliyopinda. Hapo wakae katika makundi walinganishe na kugombana. Mwisho ndipo kitabu kifunguliwe, na kila mtu aongeze kwa rangi nyingine, au kwa makaa iwapo alitumia kalamu, yale aliyoyasahau. Rangi hiyo ya pili ndiyo itakayomwambia mwalimu mahali pa kufundisha kesho kuliko alama yoyote. Ikiwa kila mtoto amelisahau tawi moja, basi aya ile ndiyo ngumu, na pengine ni kwa sababu ya "licha ya" iliyokaa pale mwanzoni. Waliosoma vyuoni, yaani madrasa za zamani, watakumbuka ubao wa mti ulioandikwa kwa wino na kuoshwa baada ya mwanafunzi kuyahifadhi yaliyomo. Kuosha kulikuwa sehemu ya somo.

Mtaniuliza habari za wingi wa watoto. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, mwalimu mwenye wanafunzi sitini hujiona ana bahati, na karatasi za kuchorea hana. Sipuuzi. Hata hivyo sakafu ya saruji na kipande cha chaki vinatosha, na pale pasipo na saruji kuna mchanga na kijiti; migongo ya karatasi za mitihani ya zamani nayo iko tele katika kila ofisi ya mwalimu mkuu. Makundi kumi ya watu sita ni rahisi kuyatazama kuliko madaftari sitini ya kusahihishwa usiku kwa kibatari. Sitasema kitu juu ya mtoto wa Ganze aliyekuja shuleni wakati wa ukame bila ya kula. Huyo haponi kwa mchoro.

Isitoshe, si kila maandishi hukubali dawa hii. Hadithi yenye mfululizo wa matukio hufaa zaidi kuchorwa kama njia, si kama mti. Shairi nalo likikatwakatwa vipande kabla ya kusomwa kwa sauti, litakufa mikononi mwa msomaji. Na mtoto ambaye bado anahangaika kuunga silabi asipewe ramani, apewe silabi.

Kwa wanafunzi wa kidato cha nne ambao hawana muda wa falsafa zangu, nasema haya kwa ufupi. Ufupisho ni ramani iliyorejeshwa kuwa sentensi. Soma kifungu, kifunike kwa kiganja, chora matawi kwenye ukurasa wa matayarisho, kisha ligeuze kila tawi kuwa sentensi yako. Kwa kuwa mchoro hauna sentensi za mwandishi, hutaweza kuziiba hata ukitaka. Vitawi ni mifano. Viache, maana ufupisho hauitaki mifano.

Kuna jambo moja ninalotaka kuwatwika wakubwa. Kilifi ina bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupata hadhi kamili mwaka 2013, nacho hufunza walimu. Wanafunzi wake huenda katika shule zetu kwa mazoezi ya kufundisha. Kwa nini wasipewe kazi ya kulijaribu jambo hili kwa muhula mmoja: darasa moja lisome kwa ramani ya kitabu kilichofungwa, jingine kwa maswali ya kawaida, kisha yalinganishwe baada ya mwezi? Tafiti nilizozitaja zilifanywa mbali, nyingine na vijana wa vyuo vikuu wanaosoma kwa lugha waliyozaliwa nayo. Sisi tunataka kujua habari za mtoto wa Gredi ya 7 anayesoma kwa lugha yake ya pili huko Vitengeni. Tume ya Huduma za Walimu na taasisi ya mitaala zingepata jambo la kuwaambia walimu wote wa nchi, na jibu lingetoka Kilifi kwa mara moja.

Nilirudi katika ile shule ya ng'ambo ya Sabaki muhula uliofuata. Mwalimu wa mikoko alikuwa amekwisha kuanza kuchoresha sakafuni, nasi tukawakuta watoto wamepiga magoti kuizunguka michoro yao, vitabu vimefungwa na kupangwa dirishani. Alikuwa amewarudisha kwenye kifungu kile kile. Mvulana aliyesoma kwa ufasaha mara ya kwanza alikuwa na matawi matatu: ukataji, samaki, na njaa. Pembeni alikuwa amechora la nne, ambalo halikuwamo kitabuni, akaandika: wanunuzi. Mwalimu akamwuliza ameyasoma wapi hayo. "Kitabu hakikusema, Mwalimu. Lakini nani atakata boriti pasipo mnunuzi?" Mwalimu alilitazama tawi lile kwa muda, akampa chaki, akamwambia asilifute, ila aliwekee alama ya kuuliza.